Uzi maalumu: Kupima umbali kwa mistari ya darubini ya bunduki (hesabu, vimo vya wanyama wetu na makosa yanayopoteza risasi)

Nyika_Longido

Wakuu, salaam kwa wote wa Arusha, Moshi na kwingineko. Kila ikitajwa darubini ya bunduki humu, swali linarudi lile lile: ile mistari na vidoti vya ndani vina kazi gani zaidi ya kulengea? Nimeona lipate uzi wake ili wanaojiandaa na usaili wa uwindaji bingwa, askari wanyamapori na wenye leseni walikute jibu mahali pamoja.

Tuanze na mili. Mili ni pembe, siyo urefu. Mili moja inafunika sehemu moja ya elfu ya umbali ulioko mbele yako. Ukiwa mita 100 kutoka kwenye kitu, mili moja inafunika sm 10. Mita 200, sm 20. Mita 300, sm 30. Basi ukijua kimo cha kitu, na ukasoma kinafunika mili ngapi, umbali ni huu:

mita = kimo kwa sentimita × 10 ÷ mili ulizosoma

Nyumbu dume ana kimo cha kama sm 130 kutoka kwato hadi bega. Umemsoma mili 5.2. Zidisha 130 kwa 10 unapata 1,300, gawanya kwa 5.2, yuko mita 250.

Namna ya kusoma. Bunduki iegemee kitu kisichotikisika: mfuko wa mchanga, au zile fimbo tatu za kuegemea. Shusha mstari wa mlalo ukae kwenye kwato, kisha hesabu kupanda hadi juu ya bega. Kwenye darubini ya vidoti, mili moja ni kutoka katikati ya doti hadi katikati ya doti inayofuata, siyo kutoka ukingo hadi ukingo. Doti yenyewe ina unene wa kama mili 0.2, kwa hiyo anayesoma kwa ukingo anaharibu hesabu kabla hajaianza. Soma hadi sehemu ya kumi ya mili. Ukisema "ni kama mili mbili na kitu" bado hujapima, unakisia. Ondoa jicho, rudi, soma tena. Namba ulizosoma zikipishana kwa zaidi ya mili 0.2, egemeo lako halijatulia.

Pima kimo, usipime urefu wa mwili. Mnyama akigeuka kidogo tu urefu wake unafupika machoni, lakini kimo cha bega kinabaki kile kile akigeuka vyovyote. Ainue kichwa au ainamishe, bega haliondoki mahali pake.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

---

Fundi_Lenzi_Ars

Mkuu umeanza vizuri, ila kuna jambo lazima lisemwe mapema kwa sababu ndilo linaloharibu hesabu za watu wengi: darubini za zumu ziko za aina mbili.

Aina ya kwanza, msalaba (ile mistari ya kulengea) umewekwa mbele ya lenzi za zumu. Ukizungusha zumu, mnyama anakua na mistari inakua pamoja naye. Mili inabaki mili kwenye zumu yoyote.

Aina ya pili, msalaba uko nyuma ya lenzi za zumu. Mnyama anakua, mistari inabaki vile vile. Hapa mili ni ya kweli kwenye zumu MOJA tu. Mara nyingi ni ile ya juu kabisa, lakini zipo darubini ambazo ni kwenye 10 hata kama zumu inafika 14 au 16. Soma kijitabu cha mtengenezaji. Darubini nyingi za uwindaji zilizoko mikononi mwa watu ni za aina hii ya pili.

Kujua yako ni ipi: elekeza kwenye ukuta, zungusha zumu kutoka chini hadi juu. Mistari ikinenepa, msalaba uko mbele. Isipobadilika, uko nyuma.

Sasa tazama hasara yake. Nyumbu yule yule wa mita 250, darubini yenye mili ya kweli kwenye zumu 12, wewe umeiacha kwenye 6. Utamsoma mili 2.6 badala ya 5.2. Hesabu itakupa mita 500. Ukiinua kwa ajili ya mita 500, risasi inapita juu ya mgongo.

Kama lazima usome kwenye zumu nyingine, zidisha ulichosoma kwa zumu ya kweli, gawanya kwa zumu uliyotumia. Hapo ni 2.6 × 12 ÷ 6 = 5.2. Ila ushauri wangu: rudisha zumu kwenye alama yake, soma, ndipo ufanye mengine. Hesabu mbili kichwani mbele ya mnyama ni nyingi mno.

---

Mwanafunzi_Mweka

Shukrani wakuu. Mimi niko hapa chuoni Mweka, swali langu ni la MOA. Darubini niliyonayo mbele yangu ina mistari ya MOA, siyo mili. Hesabu inabadilikaje? Na je, kuwa mita 1,400 kutoka usawa wa bahari kama Arusha mjini, au chini zaidi kama Moshi, kunabadilisha usomaji?

---

Nyika_Longido

Mdogo wangu, la pili kwanza kwa kuwa ni fupi: halibadilishi. Pembe ni pembe, iwe Tanga ufukweni au juu Mweka. Mwinuko unagusa mwendo wa risasi kwa sababu hewa ni nyepesi, lakini hiyo ni hesabu ya baadaye, baada ya kuujua umbali.

MOA ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Mita 100 inafunika sm 2.9. Mili moja ina MOA 3.44. Kwa hiyo:

mita = kimo kwa sentimita × 34.4 ÷ MOA ulizosoma

Nyumbu wetu wa sm 130 ukimsoma MOA 18: 130 × 34.4 ni 4,472, gawanya kwa 18, ni mita 248.

Hatari iko kwenye darubini za mchanganyiko, ambapo mistari ni ya mili lakini nobu za juu na ubavuni, zile za kurekebishia shabaha, zinakwenda kwa robo MOA kila kliki. Zipo nyingi za zamani. Kliki moja ya robo MOA inasogeza kama sm 0.7 kwenye mita 100, na kliki ya mili 0.1 inasogeza sm 1. Ukisoma mili kwenye msalaba kisha ukazungusha nobu kana kwamba nayo ni ya mili, utapungukiwa zaidi kidogo ya robo. Angalia maandishi yaliyochongwa kwenye nobu.

Na kuna ile misalaba ya vistari vya kushuka kwa risasi, kimoja kwa mita 200, kingine 300 na kuendelea. Vile si vya mili. Nafasi zake hazilingani, na zimepangwa kwa risasi fulani. Usivitumie kupimia umbali isipokuwa una kijitabu kinachosema kila kistari kinafunika kiasi gani.

---

Mzee_wa_Simanjiro

Vijana, hesabu zenu ziko sawa. Tatizo halimo kwenye hesabu. Liko kwenye ile namba ya kwanza, kimo cha mnyama.

Nyika kaandika nyumbu sm 130. Nyumbu gani? Dume zima anakwenda 125 hadi 140. Jike yuko chini ya hapo. Makosa ya kimo yanahamia kwenye umbali vile vile yalivyo: ukikosea kimo kwa asilimia 10, umekosea umbali kwa asilimia 10.

Hivi ndivyo vimo ninavyovitumia mimi kwa madume yaliyokomaa, kwato hadi bega, mvichukue kama vya kuanzia:

Pofu 165. Nyati 150. Nyumbu 130. Pundamilia 130. Kongoni 125. Swala granti 90. Swala pala 88. Ngiri 70. Swala tomi 65.

Chukua swala pala. Umemsoma mili 3.5. Kama ni dume la sm 88, yuko mita 251. Kama ni jike la sm 80, yuko mita 229. Usomaji ni mmoja, umbali ni miwili. Kwa hiyo kabla ya kusoma mili, jiulize unamtazama nani. Kwa swala pala ni rahisi, dume ana pembe na jike hana. Kwa nyumbu na kongoni wote wana pembe, hapo utazame unene wa shingo na mwili, na umlinganishe na wenzake kundini.

Kuhusu nyati: huyu hupigwa kwa karibu, chini ya mita 100, kwa bunduki nzito. Umbali huo hauhitaji mili. Anayetaka kumpimia nyati mita 300 ili ampige, aache.

---

Fundi_Lenzi_Ars

Shikamoo mzee. Umegusa mzizi wa jambo. Naongezea kwa nini mnyama mdogo anasumbua zaidi hata kama kimo chake unakijua barabara.

Kwenye mita 300, nyati wa sm 150 anafunika mili 5.0. Ukikosea usomaji kwa mili 0.1, umekosea mita 6. Swala tomi wa sm 65 kwenye mita 300 anafunika mili 2.17 tu. Kosa lile lile la 0.1 linakukosesha mita 14, na kwa mnyama wa ukubwa huo jicho linakosea 0.2 bila shida. Tayari ni mita karibu 30.

Kwa hiyo akiwepo pundamilia karibu na swala unayemtaka, mpime pundamilia. Wakiwa wamesimama pamoja, umbali wake ndio wa swala.

---

Nyika_Longido

Marahaba ya mzee aitike mwenyewe, mimi niweke namba za kuonyesha lini haya makosa yanauma na lini hayaumi.

Chukua bunduki ya kaliba .30-06, risasi ya uzito wa greni 180 inayotoka kwa kasi ya kama mita 820 kwa sekunde, ziro mita 200 (yaani kwenye mita 200 inapiga pale pale unapolenga). Kwa makadirio inashuka hivi chini ya mahali unapolenga: mita 250, kama sm 11. Mita 300, kama sm 26. Mita 350, kama sm 49.

Tazameni hatua zake. Kutoka 200 kwenda 250 unapoteza sm 11, lakini kutoka 300 kwenda 350 unapoteza sm 23. Eneo la moyo na mapafu la swala pala halifiki hata sm 25 juu hadi chini. Yaani chini ya mita 250, ukikosea mita 20 risasi bado inafika panapotakiwa. Ukivuka 300, mita 50 za makosa maana yake ni mnyama aliyevunjika mguu, na utamfuata kwa damu mpaka giza. Kwa mtazamo wangu mistari ya darubini inatosha kuamulia risasi hadi kama mita 250, na mbele ya hapo inatosha kukwambia usipige, sogea.

Kila mtu apime bunduki yake kwenye uwanja wa shabaha. Namba hizi ni za mfano, zako zitapishana kutokana na risasi na urefu wa mtutu.

---

Kihamba_Kibosho

Nauliza kuhusu leza. Siku hizi kuna vipimio vya leza vinavyokupa mita papo hapo. Kwa nini mtu ahangaike na mili?

---

Mzee_wa_Simanjiro

Marahaba Fundi.

Kihamba, ukiwa na leza, tumia leza, ndiyo sahihi zaidi, sina ubishi. Lakini leza inakamata kitu cha kwanza ilichokutana nacho. Nyasi ndefu zikiwa mita 60 mbele yako, itakupa 60. Ukungu wa asubuhi huko kwenu mlimani mwezi wa saba unairudisha. Vumbi la ng'ombe vivyo hivyo. Na betri inaisha. Wanaojua kazi hutumia vyote viwili: leza ikisema 310 na mili ikisema 240, kuna kimoja kimedanganywa, na hupigi mpaka ujue kipi.

---

Mwanafunzi_Mweka

Mzee, na nyasi zikiwa ndefu kwato hazionekani. Hapo unapima nini?

---

Mzee_wa_Simanjiro

Unapima kina cha kifua, kutoka juu ya bega hadi chini ya kifua, pale nyuma ya mguu wa mbele. Kwa swala wengi ni karibu nusu ya kimo cha bega. Swala pala wa 88 mhesabu kama 43 hadi 44. Nyati na ngiri ni zaidi ya nusu, maana miguu yao ni mifupi ukilinganisha na kiwiliwili.

Ila ujue umepunguza kipimo kwa nusu, kwa hiyo kila kosa la usomaji limeongezeka maradufu. Kwa kipimo cha kifua mimi sivuki mita 150 kwa swala.

Jambo lingine ni hewa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kwenye mbuga tupu za huku na za Longido, ardhi inachemka na hewa inacheza. Mazigazi yanaficha kwato, na mguu unaonekana kama umekatwa au umerefushwa. Kwenye zumu kubwa inazidi. Usisome kwato zikiwa zinaelea. Soma kifua, au subiri jua lipoe.

---

Fundi_Lenzi_Ars

Nieleze jinsi ya kuthibitisha darubini yenyewe, maana namba zilizochongwa kwenye pete ya zumu si lazima ziwe sahihi.

Mahitaji: ubao wa mita 1.2, rangi nyeusi, futi ya kamba ya mita 50, mfuko wa mchanga.

Kwenye ubao chora mistari miwili minene ya mlalo, umbali wa sm 100 kamili kati ya ukingo wa juu wa mmoja na ukingo wa juu wa mwingine. Usimamishe wima. Pima mita 100 kwa futi ya kamba, mara mbili ya 50, kamba ikiwa imevutwa isilegee. Usipime kwa hatua. Umbali uanzie kwenye darubini, siyo kwenye mdomo wa mtutu.

Kabla ya kusoma, tazama ukuta mweupe au anga (mbali na jua) na uzungushe pete ya jicho mpaka mistari ya msalaba iwe mikali. Kama darubini ina nobu ya paralaksi (inayozuia msalaba kuonekana unahama jicho likisogea), iweke mita 100. Ukitikisa kichwa kidogo, msalaba usihame juu ya ubao.

Sasa sm 100 kwenye mita 100 lazima iwe mili 10 kamili, au MOA 34.4. Kama msalaba uko nyuma, zungusha zumu taratibu mpaka iwe mili 10, kisha tia nukta ya rangi ya kucha kwenye pete na kwenye mwili wa darubini. Hapo ndipo mahali pako pa kupimia, hata kama pete inasema 9.5. Kama msalaba uko mbele na haupati mili 10, rudia umbali kwanza kabla ya kuilaumu darubini.

Kama msalaba wako ni wa kawaida usio na vidoti, ule wenye mistari minene pembeni na myembamba katikati, nao unapimia. Angalia kutoka katikati hadi unene unapoanza panafunika sentimita ngapi kwenye ubao. Ikifunika sm 45, basi hiyo ni mili 4.5, na una kipimo kimoja cha kuanzia.

---

Kihamba_Kibosho

Nimeelewa sana. Mazoezi mtu afanyie wapi? Kuna mtu alishauri kutazama magari barabarani kwa bunduki yenye darubini.

---

Nyika_Longido

Hapana kabisa ndugu yangu. Bunduki haielekezwi kwa mtu wala gari, hata ikiwa haina risasi. Silaha yako inasimamiwa na Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya 2015, na ukionekana umeinyoosha barabarani utakuwa umejitafutia kesi ya haki kabisa. Bunduki ikiwa na darubini, mazoezi yafanyike kwenye uwanja wa shabaha, bolti imetolewa na imewekwa pembeni.

Mitaani tumia darubini ya mkononi yenye vipimo ndani, zile za 7×50 za baharini. Vipimo vyake mara nyingi ni vya mili 5 au 10, havifai kusoma sehemu ya kumi, lakini vinafundisha jicho. Goli la mpira ni zuri kwa sababu kimo chake ni sm 244 popote duniani, kwenye viwanja vya kawaida. Ukilisoma mili 12, uko mita 203. Ukuta wa tofali za bloku nao ni mzuri: tofali la sm 23 na saruji yake linatoa kama sm 25, kwa hiyo kozi (safu za tofali) nne ni kama mita moja. Pima kozi za ukuta huo kwa futi kwanza, mafundi wanatofautiana unene wa saruji.

Kisia kwa macho, soma mili, kisha tembea na futi au hakiki kwa leza. Hatua ya tatu ndiyo inayofundisha.

---

Mwanafunzi_Mweka

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kwenye miteremko, kama kuta za Bonde la Ufa, unatazama chini sana. Nimesoma kwamba umbali unazidishwa kwa 0.87 pembe ikiwa digrii 30. Ni hivyo tu?

---

Fundi_Lenzi_Ars

Kwa leza ni hivyo tu. Kwa mili hapana, na hapa wengi wanateleza.

Leza inakupa umbali wa kweli wa mstari wa macho, na wewe unaupunguza kwa 0.87 kwa sababu mvuto wa dunia unafanya kazi kwenye umbali wa mlalo. Lakini ukisoma mili ukiwa juu ya mnyama kwa digrii 30, kimo chake chenyewe kinafupika machoni kwa 0.87. Nyumbu wa sm 130 anaonekana kama wa 113. Utamsoma mili 4.33, hesabu itasema mita 300, kumbe yuko 260 kwa mstari wa macho. Kisha hiyo 260 nayo uizidishe kwa 0.87, unalenga kama yuko mita 226.

Kwa hiyo kwa mili punguza mara mbili. Digrii 10 zidisha kwa 0.97, digrii 20 kwa 0.88, digrii 30 kwa 0.75. Pembe unaweza kuipata kwa programu ya kipima mlalo ya simu, ukiilaza juu ya darubini ya mkononi iliyoelekezwa kwa mnyama.

Andika namba hizo tatu kwenye kadi moja na vimo vya mzee. Kwa kimo cha 130: mili 4 ni mita 325, 5 ni 260, 6 ni 217, 8 ni 163. Kwa kimo cha 90: mili 3 ni 300, 3.5 ni 257, 4 ni 225, 5 ni 180, 6 ni 150. Ifunike kwa selotepu pana pande zote mbili na uibandike upande wa kitako usiogusa shavu, jasho lisiifikie.